Nilifika Getini Nikageuza Gari: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Kuanza Tiba ya Uraibu

Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya na Uhalifu ilikadiria katika ripoti yake ya mwaka 2024 kwamba watu milioni 64 duniani wana matatizo yanayotokana na matumizi ya dawa za kulevya, na kwamba mmoja tu kati ya 11 ndiye anayepata tiba. Uhaba wa vituo na wa fedha una sehemu kubwa katika pengo hilo. Barua tulizopokea safari hii, hata hivyo, zinahusu kizuizi kingine, kile kinachobaki hata mlango ukiwa wazi: mtu anajua kwamba anahitaji tiba, lakini miguu inakataa kwenda. Tumechagua barua tatu. Majina yamehifadhiwa.

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mwanamume wa miaka 43, nina mke na watoto wawili, na kazi yangu ni uhasibu. Kwa miaka 9 nimekuwa nikinywa pombe kali kila siku, na kwa miaka 3 hii ya mwisho naanza asubuhi, kwa sababu nisipopata glasi ya kwanza mikono hunitetemeka kiasi kwamba kikombe nakishika kwa mikono yote miwili. Binti yangu mdogo aliwahi kuniuliza kama nasikia baridi.

Mwaka huu nimepanga miadi mara mbili katika kituo cha tiba. Mara ya kwanza sikutoka nyumbani. Mara ya pili niliendesha gari hadi getini, nikakaa humo garini dakika 20 nikiwatazama watu wakiingia na kutoka, kisha nikageuza. Rafiki yangu mmoja anasema tiba haimfai mtu ambaye hajaamua kwa moyo wote, kwa hiyo ningoje mpaka maji yanifike shingoni. Mwingine ananishauri nichukue likizo ya wiki moja, nijifungie chumbani na kuacha mwenyewe kimyakimya. Ukweli ni kwamba asubuhi nataka kuacha na jioni sitaki. Naogopa kazini watajua, naogopa kufungiwa, na jambo ambalo sijamwambia hata mke wangu ni kwamba sijui nitakuwa mtu wa namna gani bila pombe. Je, mtu wa namna hii yuko tayari kwa tiba?
*Niliyegeuza Gari*

JIBU: Ndugu yangu, nitaanza na ushauri wa rafiki yako wa pili, kwa kuwa huo ndio unaoweza kukuua. Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka mingi, na ambaye mikono yake haitulii asubuhi mpaka anywe, hapaswi kuacha ghafla akiwa peke yake. Pombe huupooza ubongo, na ubongo unaopoozwa kila siku hujiongezea msisimko ili uendelee kufanya kazi. Pombe ikiondolewa kwa mkupuo, msisimko ule hubaki bila kitu cha kuuzuia. Kutetemeka, kutokwa jasho na moyo kwenda mbio huanza saa 6 hadi 24 baada ya glasi ya mwisho. Degedege linaweza kutokea ndani ya saa 48 za kwanza, na kati ya siku ya pili na ya nne wengine huanza kuweweseka, kuona vitu visivyokuwepo na kupandwa na homa, hali ambayo isipotibiwa huweza kuishia katika kifo. Chumba kilichofungwa kwa ndani, ambamo hakuna anayejua unafanya nini, ndicho mahali pabaya kuliko pote pa kufikwa na mambo hayo.

Mambo hayohayo yakitokea mbele ya daktari hudhibitiwa kwa dawa za kutuliza kama diazepamu, ambazo hutolewa kwa kipimo na kupunguzwa kidogokidogo kwa siku kadhaa, pamoja na vitamini B1, ambayo wanywaji wa muda mrefu huwa na upungufu nayo na ambayo ukosefu wake unaweza kuharibu kumbukumbu kwa namna isiyorekebika. Kwa hiyo, mpaka utakapoonwa na mtaalamu, usiache kwa ghafla hata kwa nia njema. Hasa usiache usiku wa kuamkia miadi ili ufike ukionekana mtu safi. Wengi hufanya hivyo kwa aibu, wakafika kituoni wakiwa katika hali mbaya kuliko siku nyingine yoyote. Na ikitokea umeacha, kwa sababu yoyote ile, ukaanza kuchanganyikiwa au ukapatwa na degedege, hiyo ni dharura ya kukimbizwa hospitali saa ileile, bila kungoja siku ya miadi.

Sasa rafiki yako wa kwanza. Kosa lake halina kishindo, lakini limewaweka watu nje ya mageti kwa miaka. Kutaka na kutotaka kwa wakati mmoja ndiyo hali ya kawaida ya mraibu, kwa kuwa kilevi bado kinampa kitu: kwako wewe kinatuliza mikono, na bila shaka jioni kinanyamazisha mengine ambayo hukuyaandika. Mwaka 1983 mwanasaikolojia William Miller alieleza namna ya kuzungumza na watu wenye hali hiyo bila kuwalazimisha kuchagua upande kwanza, na baadaye akaiendeleza pamoja na Stephen Rollnick hadi ikawa sehemu ya mafunzo ya washauri katika nchi nyingi. Katika utafiti ambao Miller na wenzake waliuchapisha mwaka 1993, ilionekana kwamba kadiri mshauri alivyobishana na mnywaji na kumbana, ndivyo mnywaji huyo alivyokunywa zaidi mwaka mmoja baadaye. Mshauri anayeijua kazi yake hatakudai kiapo. Huenda akaanza kwa kukuuliza unaipendea nini pombe, swali ambalo pengine hujawahi kuulizwa na mtu anayelihitaji jibu lake. Hata waliopelekwa tiba na mahakama au kwa shinikizo la familia, ambao hawakuwa na utayari wowote wa kujivunia, hufaidika nayo. Utayari huo tunaoambiwa tuungoje huota mara nyingi baada ya kuingia, katika wiki ya pili au ya tatu, usingizi unapoanza kurudi.

Ulipokuwa garini ulikuwa ukilitazama jengo bila kujua ndani kuna nini, nami nadhani sehemu kubwa ya woga wako ilitoka hapo. Taratibu hutofautiana, lakini ziara ya kwanza ni jambo la kawaida kuliko unavyofikiri. Utaandikishwa mapokezi. Utaitwa chumbani, muuguzi atapima shinikizo la damu na mapigo ya moyo, kisha atakuomba unyooshe mikono mbele na kutanua vidole ili auone mtetemeko huo ambao umekuwa ukiuficha nyuma ya kikombe. Huenda ukapewa dodoso la maswali 10 lililotayarishwa na Shirika la Afya Duniani, ambalo jumla ya alama zake ni 40, na ambalo anayepata 20 au zaidi huchunguzwa kwa makini kama amekuwa tegemezi kwa pombe. Swali mojawapo ni kama umewahi kuhitaji kunywa asubuhi ili uweze kuianza siku. La mwisho ni kama kuna ndugu, rafiki au mtaalamu wa afya aliyewahi kuingiwa na wasiwasi kuhusu unywaji wako. Binti yako, bila kujua, alikwisha kukuuliza jambo linalokaribiana na hilo.

Katika chumba hicho kuna kishawishi kimoja kikubwa, nacho ni kutaja nusu. Mtu anayekunywa chupa nzima husema nusu chupa, na anayeianza siku kwa pombe husema hunywa jioni tu. Tafadhali usifanye hivyo. Kiasi unachotaja kinamsaidia daktari kukadiria hatari iliyo mbele yako na kipimo cha dawa ya kutuliza, kwa hiyo anayejipunguzia aibu mezani hujiongezea taabu kitandani. Andika kwenye karatasi kabla hujaenda: unakunywa nini na kiasi gani kwa siku, kwa muda gani, dawa nyingine unazotumia, kama umewahi kupata degedege, na saa uliyokunywa mara ya mwisho. Ukishindwa kusema, mpe muuguzi karatasi.

Kuhusu kufungiwa, tiba nyingi hufanyika mgonjwa akienda na kurudi nyumbani kwake. Kwa dalili ulizozieleza, sitashangaa ukishauriwa kulazwa siku chache za mwanzo ili kuacha kwako kuwe salama, lakini hilo ni suala la siku, na kuna maswali una haki ya kuyauliza kwa simu kabla hujakanyaga pale: je, naingia kwa hiari yangu na naweza kuondoka? Usiku kuna daktari au muuguzi? Nitatia saini karatasi gani? Baada ya kutoka nitaendelea kuonwa na nani? Mahali panapojibu kwa ukali, au panapotumia kipigo na minyororo, si pa tiba, liwe jina lililoandikwa ukutani ni lipi.

Kuhusu kazi nitasema machache, kwa kuwa sheria hutofautiana baina ya nchi na nchi. Wahudumu wa afya wana wajibu wa kutunza siri. Muulize daktari cheti chako cha mapumziko kitaandikwaje kabla hujakipeleka popote. Ila niruhusu kusema kwamba mtu anayenywa tangu asubuhi kwa miaka 3 huwa ndiye wa mwisho kujua ni wangapi ofisini wanaojua.

Limebaki lile ambalo hujamwambia mkeo. Sitakudanganya kwamba utatoka kituoni ukiwa mtu mpya mwenye furaha. Wiki za kwanza bila pombe aghalabu huwa chapwa: usingizi wa kukatikakatika, hasira za karibu, na jioni ndefu isiyo na umbo. Ubongo uliozoea kuletewa starehe kutoka kwenye chupa huchukua miezi kujifunza tena kuipata kwingine. Kuna dawa zinazoweza kupunguza hamu katika kipindi hicho, kama naltreksoni na akamprosati, na inafaa umuulize daktari kama mojawapo inakufaa kwa hali ya ini na figo zako. Lakini swali la utakuwa nani halijibiwi na dawa, wala halijibiwi ukiwa garini. Miaka 9 iliyopita ulikuwa na jioni ambazo hazikuwa na pombe ndani yake, na mkeo huenda anazikumbuka kuliko wewe. Mwambie sentensi hiyo kama ulivyotuandikia sisi, bila kuipamba.

Panga miadi ya tatu, na safari hii usiendeshe mwenyewe. Mtu aliyekunywa asubuhi hapaswi kushika usukani, na hata bila sababu hiyo, aliyeketi kiti cha abiria hana uwezo wa kugeuza gari. Ukifika mapokezi huhitaji kusema kwamba umeamua. Sema kwamba huna uhakika na ungependa kuzungumza na mtu.

SWALI: Mshauri, mdogo wangu wa kiume ana miaka 27 na anatumia heroini kwa mwaka wa nne sasa. Kila nikimtajia kliniki ananijibu “mwezi ujao”. Anasema anaogopa arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa dozi, na anasema methadoni, dawa wanayopewa watumiaji wa heroini kliniki, ni kubadilisha unga kwa unga mwingine wa serikali. Mama yetu anataka tumwite kikao cha ukoo, kila mtu amwambie ubaya aliomtendea, mpaka akubali. Mimi nina wasiwasi na kikao hicho. Tufanye nini?
*Dada Mkubwa*

JIBU: Dada, wasiwasi wako una msingi. Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti uliolinganisha njia ambazo familia za wanywaji wa pombe waliokataa tiba zinaweza kuzitumia. Familia zilizofundishwa kuandaa kikao cha kumkabili mgonjwa zilifanikiwa kumwingiza katika tiba kwa asilimia 30, tena nyingi hazikufika hata kwenye kikao chenyewe. Zile zilizofundishwa njia iliyobuniwa na Robert Meyers, ya kuzungumza kwa utulivu, kumpa mtu ukaribu anapokuwa hajalewa na kujiondoa bila ugomvi anapokuwa amelewa, zilifikia asilimia 64. Njia hiyo imejaribiwa pia kwa familia za watumiaji wa dawa za kulevya, nayo ikaonekana kusaidia. Kwa hiyo mzuie mama kwa upole. Mdogo wako hana upungufu wa watu wa kumwambia ubaya wake. Yeye mwenyewe anaukariri kila usiku.

Woga wake wa arosto nao uchukulieni kwa uzito, kwa kuwa si kisingizio. Dalili za kukosa heroini huanza saa 8 hadi 24 baada ya dozi ya mwisho, huzidi siku ya pili na ya tatu, na kwa kawaida hupungua ndani ya siku 5 hadi 10: mifupa inauma, tumbo linaharisha, mwili unasisimka kama wenye baridi huku jasho likitoka, na usingizi haupatikani. Ni nadra kwa mtu mwenye afya kufa kwayo, lakini aliyewahi kuipitia bila msaada hatashawishika na mtu anayemwambia ajikaze. Mwambie badala yake kwamba katika kliniki inayotoa methadoni au buprenofini, lengo la dozi za kwanza ni hilohilo analoliogopa, yaani kuiondoa arosto.

Hoja yake ya unga kwa unga ni ya zamani kama dawa yenyewe. Vincent Dole na Marie Nyswander walianza kuwatibu watumiaji wa heroini kwa methadoni jijini New York katikati ya miaka ya 1960, na walichokigundua ni tofauti ya mwendo. Heroini humpandisha mtu na kumwangusha ndani ya saa chache, hivyo siku yake nzima huwa ni kutafuta dozi inayofuata. Methadoni hunywewa mara moja kwa siku, hufanya kazi kwa takriban saa 24 au zaidi, na kipimo kikikaa sawa mtu halewi wala haumwi. Anabaki na siku ya kuitumia. Shirika la Afya Duniani liliziingiza methadoni na buprenofini katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2005. Ni kweli kwamba mwili unabaki ukitegemea dawa, na hilo asifichwe. Aambiwe pia kwamba kipimo huanza kidogo na kupandishwa polepole, hivyo siku za mwanzo anaweza kuhisi hakimtoshi, na kwamba kukiongezea pombe au vidonge vya usingizi ni hatari kwa uhai wake. Buprenofini ina sharti lake: haianzwi mpaka dalili za arosto zimeonekana, kwani ikitangulia huziamsha zote kwa pamoja.

Jambo moja nataka mama alisikie kabla hajafikiria kumfungia nyumbani wiki mbili “mpaka unga utoke damuni”. Mwili uliokaa bila heroini hupoteza ustahimilivu wake haraka, na akirudi kutumia kiasi alichokizoea, kiasi hicho kinaweza kusimamisha pumzi. Watu wengi hufa katika wiki zinazofuata kutoka gerezani au kutoka mahali walipoachishwa bila dawa ya kuwashikilia. Ulizeni kama naloksoni inapatikana mlipo, ya sindano au ya kupuliza puani. Humrudishia mtu pumzi kwa muda, na hata akizinduka lazima apelekwe hospitali, kwa kuwa dawa hiyo huisha nguvu upesi na heroini ikaweza kumzidi tena.

Na hiyo “mwezi ujao” usiibishie. Mngoje siku atakayolalamika mwenyewe, kwamba amechoka kuamka akiumwa, au kwamba amempoteza rafiki. Siku hiyo mwulize kama mngeenda kliniki kuuliza tu, bila kujiandikisha, kesho saa fulani, nawe ukiwa naye. Ziulize mapema saa zao za kufungua na kama kuna foleni ya kusubiri, ili neno lake la ndiyo lisije likakutana na mlango uliofungwa.

SWALI: Nilitibiwa ulevi miaka miwili iliyopita, nikakaa miezi 7 bila kugusa, kisha nikarudia baada ya msiba. Sasa ninakunywa tena kila siku. Mshauri aliyenisaidia alikuwa mtu mwema sana, nami naona haya kumwonyesha uso wangu. Nitafute kituo kingine ambacho hawanijui?
*Mama wa Watatu*

JIBU: Pole kwa msiba. Ukipenda kuhama, hakuna anayekuzuia, lakini haya isiwe ndiyo sababu. Taasisi ya taifa ya Marekani inayotafiti matumizi ya dawa za kulevya hukadiria kwamba asilimia 40 hadi 60 ya wanaotibiwa uraibu hurudia, kiwango kinachokaribiana na cha wagonjwa wa pumu na wa shinikizo la damu ambao dalili zao hurejea. Na sijawahi kusikia mgonjwa wa pumu akitafuta hospitali nyingine kwa kuona haya ya kubanwa tena na kifua. Mshauri wako amewaona wengi wakirudi. Hiyo ni sehemu ya kazi yake, kama vile fundi viatu anavyoletewa kiatu kilekile mara ya pili.

Kuna sababu nyingine ya kurudi palepale. Wale wanajua kilichokusaidia kwa miezi 7, na wakiambiwa kwamba kilichokuangusha ni msiba watajua pa kuanzia, kwa kuwa huenda safari hii unahitaji msaada wa kuomboleza sambamba na ule wa kuacha pombe. Kwa kuwa unakunywa kila siku, nililomwambia mwenye gari hapo juu linakuhusu nawe: usiache ghafla kabla ya kuonwa. Kama kumpigia simu mshauri wako ni kazi nzito, mtumie ujumbe mfupi usemao kwamba umerudia na ungependa kuja, naye atakupa siku. Ukikuta amehama, omba mtakayempata asome jalada lako la mwanzo kabla hajaanza kukuhoji, ili usilazimike kuisimulia hadithi yote upya.